Jozi ya Nne

Chumba namba 412, bweni la pili, Ulaanbaatar.
Vitanda vinne vya chuma, soketi moja,
birika moja linalokatazwa na kifungu cha tisa.
Maji ya moto hufika saa mbili usiku, kwa nusu saa,
na Nominchuluun hupenda kuimba chini ya bomba
huku sisi tukigonga mlango kwa vitana.

Hatuna friji. Tuna dirisha.
Tangu Novemba nyama yetu inaning'inia nje,
ghorofa ya nne, ndani ya mfuko wa plastiki,
ikitazamana na moshi wa makaa ya mawe
unaopanda kutoka mahema ya kilimani.
Ukitaka supu unafungua kioo, unavuta kamba,
baridi inakung'ata mkono hadi kiwiko,
unafunga, na wote wanakutukana.

Mwezi wa pili simu ya Khulan ililia alfajiri.
Huko kwao barafu ilikuwa imefunika nyasi,
ngumu kama kigae.
Mbuzi wamekufa wamesimama, baba yake alisema.
Hakutaja waliokufa. Alitaja waliobaki:
kumi na saba.
Khulan akavaa soksi, akaenda kwenye mtihani wa takwimu.

Ada ya chumba haikulipwa.
Jina lake likapigwa mstari mwekundu
kwenye orodha iliyobandikwa kando ya ngazi.
Akarudisha ufunguo. Akarudisha godoro.
Jioni akarudi mwenyewe.

Hatukufanya kikao.
Solongo alisogea tu ukutani,
akapigapiga shuka kwa kiganja:
"Kichwa huku. Miguu yako inanuka."

Bi Tserenkhand, mlezi wa bweni, hahesabu watu.
Anahesabu viatu.
Kila usiku saa nne anapita korido na tochi,
mlango kwa mlango, kizingiti kwa kizingiti.
Watu wamezoea kudanganya, husema,
viatu bado.

Basi viatu vya Khulan tukavitia mfukoni,
tukavitundika nje pamoja na nyama.
(Supu ya juma lile ilikuwa na ladha yake. Tuliinywa.)
Asubuhi vilitoka vigumu kama matofali.
Akavikanda magotini, akavipulizia ndani
kama mtu anayemwamsha mwanambuzi
aliyezaliwa juu ya theluji,
kisha akavivaa hivyo hivyo kwenda darasani,
kok, kok, kok, ngazi zote nne.

Siku kumi na tisa.

Usiku wa ishirini tochi ilisimama kwetu.
Mlango ukafunguka.
Khulan yuko chini ya kitanda, kati ya masanduku,
shuka imening'inia mbele yake kama pazia la duka lililofungwa.
Bi Tserenkhand akatazama kizingiti: jozi tatu.
Akatazama meza: vikombe vinne,
vyote vinafuka mvuke.

Nilitaka kusema kitu kuhusu kiu.
Ulimi ukagoma.

Akazima tochi. Labda kuokoa betri, sijui.
"Nyama inastahimili baridi," alisema gizani.
"Ngozi ya kiatu hupasuka.
Mwambieni aviweke ndani."
Akavuta mlango, akausukuma tena kidogo:
"Na hilo birika sijaliona."

Tukamsikia akiendelea, 413, 414,
anahesabu kwa sauti, polepole,
kama mtu aliyewahi kusimama langoni mwa zizi.
Khulan akatoka na vumbi kwenye nyusi.
Akaonja chai yake, akakunja uso,
akaomba chumvi.

Sasa ni Aprili. Deni lipo pale pale.
Nyama haiwezi tena kulala nje.
Ile kamba imebaki dirishani, na fundo lake
ni lile la kufungia farasi;
tumejaribu kwa kucha, kwa uma, kwa meno.
Ni yeye tu anayejua kulifungua,
na yeye amelala,
kichwa huku, miguu kule,
akikoroma kwenye nusu ya mto wa Solongo.